ISAIAH MONTGOMERY, MWENYE MASHAMBA NA MJUMBE WA MISSISSIPPI

Katika nchi ya Marekani uko mto mkubwa uitwao Mississippi. Mto huu hutoka kaskazini, hupita katikati ya nchi, na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Meksiko. Kila ufurikapo huacha tope jeusi juu ya ardhi iliyo kandokando yake, na kwa sababu ya tope hilo pamba hustawi huko kuliko katika nchi nyingi za dunia. Jimbo mojawapo lililo kando ya mto huo limeitwa kwa jina lake, yaani jimbo la Mississippi.

Pamba ni zao jema, lakini kazi yake ni nyingi. Zamani ilipandwa kwa mkono, ikapaliliwa mara kwa mara, ikachumwa tumba moja moja, kisha ikatolewa mbegu. Kwa ajili ya kazi hiyo Wazungu wenye mashamba makubwa waliwatumia watumwa, yaani watu weusi ambao babu zao waliletwa kwa nguvu kutoka Afrika. Katika habari hii tutasoma maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa mtumwa katika mashamba hayo, akawa mwenye shamba mwenyewe, akajenga mji, akaketi katika mkutano uliotunga katiba ya jimbo lake. Jambo moja alilolifanya lilisifiwa na watu wengi. Jambo jingine watu wanabishana juu yake mpaka leo. Jina lake ni Isaiah Thornton Montgomery.

1. Mtumwa ajuaye kusoma

Isaiah alizaliwa tarehe 21 Mei 1847, mahali paitwapo Davis Bend, ambapo mto ulijipinda na kuizunguka ardhi pande tatu. Mwenye shamba alikuwa Joseph Davis, tajiri aliyepata kuwa mwanasheria. Ndugu yake mdogo, Jefferson Davis, alikuwa na shamba lake papo hapo. Huyo ndiye ambaye baadaye alifanywa rais wa majimbo ya kusini, yalipojitenga na Marekani ili kuulinda utumwa.

Babaye Isaiah aliitwa Benjamin Montgomery. Alizaliwa katika jimbo la Virginia, akauzwa mbali na jamaa zake, akanunuliwa na Joseph Davis mwaka 1836. Hakukaa siku nyingi, akatoroka. Alipokamatwa na kurudishwa, Davis alimwuliza sababu ya kutoroka, nao wakazungumza hata wakaelewana. Tangu hapo Benjamin alipewa ruhusa ya kutumia vitabu vya bwana wake. Alikuwa mtu wa akili nyingi. Alijifunza kupima ardhi, kuchora ramani za majengo na kutengeneza mitambo, na mwaka 1842 akafungua duka papo shambani. Tena alibuni chombo cha kuisukuma meli mahali penye maji haba. Cheti cha serikali cha kumlinda mwenye kubuni kitu kipya kilipoombwa, serikali ilikataa, kwa kuwa mtumwa hakuhesabiwa kuwa raia. Akili ilikuwa yake, lakini sheria haikumjua mwenye akili hiyo.

Isaiah naye alifundishwa kusoma na kuandika angali mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 9 au 10 alichukuliwa nyumbani kwa bwana awe mtumishi na karani wake. Aliziweka barua katika taratibu yake, akanakili maandishi, akasoma magazeti na vitabu. Katika siku zile mtumwa ajuaye kusoma alikuwa kitu cha nadra katika nchi ya kusini.

Lakini asomaye asidhani kwamba utumwa wa Davis Bend ulikuwa mwema. Bwana mpole angali bwana. Upole wake ulikuwa hiari yake, si haki ya mtumwa. Na kama angalipenda kumwuza mtoto kesho yake, hapana hakimu ambaye angalimzuia. Isaiah aliyaona mambo hayo mawili pamoja tangu utoto wake: manufaa ya kupendwa na wenye nguvu, na udhaifu wa mtu asiye na haki yake mwenyewe. Tuyakumbuke yote mawili, kwani yatatusaidia kufahamu matendo yake ya baadaye.

2. Vita, na shamba la deni

Mwaka 1861 vita vilitokea kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini. Mwaka wa pili Joseph Davis alikimbia, akawaacha watumwa wake wengi nyuma. Mwaka 1863 meli za kivita za kaskazini zilifika Davis Bend, na mkuu wao, Amirali David Porter, alimchukua kijana Isaiah awe mtumishi katika meli yake. Hivyo aliviona vita kwa macho yake, pale Grand Gulf na katika mazingiwa ya mji wa Vicksburg, ulioanguka tarehe 4 Julai 1863. Kisha akaugua, akapelekwa kwa wazazi wake, ambao walikuwa wamekwisha kuhamia Cincinnati katika nchi ya uhuru.

Vita vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukafutwa katika Marekani yote. Benjamin na wanawe walirudi Davis Bend. Basi mwaka 1866 likatokea jambo la ajabu. Joseph Davis, aliyekuwa mzee sasa, aliwauzia mashamba yote mawili, lake na la ndugu yake, yapata ekari 4,000, kwa bei ya dola 300,000. Mtumwa wa jana akawa mwenye shamba la bwana wake. Mapatano hayo yalifanywa kwa siri kwanza, kwa maana mwaka 1865 jimbo lilikuwa limetunga sheria ya kuwazuia watu weusi hata kukodi mashamba nje ya miji.

Lakini Benjamin hakuwa na dola 300,000. Alilinunua shamba kwa deni, nalo deni lilikuwa na riba ya kila mwaka. Wahenga wamesema, Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 1867, kabla hawajavuna hata mara moja, mto ulikata njia mpya na kuifanya Davis Bend kuwa kisiwa, na maji yakaharibu mashamba. Wadudu nao walikula pamba. Hata hivyo jamaa ile haikukata tamaa. Mwaka ule ule Benjamin aliwekwa na serikali kuwa hakimu mdogo, na pamba yao ilisifika mpaka ikapata tuzo katika maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876. Isaiah alishika hesabu na barua za biashara pamoja na babaye, na mwaka 1871 alioa mke aitwaye Martha Robb.

Jitihada haikuweza kulishinda deni. Bei ya pamba ilishuka, mafuriko yakarudi, nayo riba haikungoja. Joseph Davis alikuwa amekufa mwaka 1870, na warithi wake walitaka mali yao. Benjamin alikufa mwaka 1877. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo ilimrudishia Jefferson Davis shamba lake, na mwaka 1881 shamba kubwa nalo likarudi kwa jamaa ya Davis. Isaiah alikuwa na umri wa miaka 34, naye hakuwa tena na shamba.

3. Mji msituni

Siku zile kampuni moja ilikuwa imejenga reli kutoka Memphis kwenda kusini, ikipita katika bonde lenye rutuba nyingi lililo kati ya mto Mississippi na mto Yazoo. Bonde lile lilikuwa msitu mnene wenye mianzi, vinamasi, dubu na mbu wasiohesabika. Reli bila ya watu haina faida, na Wazungu waliiogopa homa ya huko. Basi wenye reli walimtafuta Isaiah Montgomery, wakamwuliza kama aweza kuwaleta watu weusi wakae katika ardhi ile.

Mwaka 1887 Isaiah na binamu yake, Benjamin Green, walinunua ekari 840 katika wilaya ya Bolivar. Mahali hapo walipaita Mound Bayou, kwa sababu palikuwa na kilima kilichojengwa kwa udongo na wenyeji wa kwanza wa Marekani, tena palikuwa na vijito vya maji yaendayo polepole. Wengi wa waliowafuata walikuwa watu wa Davis Bend, waliokwisha kujuana na kuaminiana.

Walipoutazama msitu ule wengine walivunjika moyo. Yasemekana Isaiah aliwakumbusha kwamba wao na baba zao walikwisha kuangusha misitu mikubwa kama ule kwa ajili ya watu wengine. Je, watashindwa kuuangusha mmoja kwa ajili yao wenyewe na watoto wao? Basi wakaanza. Walikata miti, wakauza mbao, na magogo mengine wakayachonga kuwa mataruma ya reli. Fedha iliyopatikana ilinunua chakula na kulipia ardhi. Penye nafasi baina ya visiki walipanda pamba na mahindi. Wengine walikwenda kufanya kibarua katika mashamba ya jirani, wakarudi na mshahara. Ekari moja ikasafishwa, kisha ya pili, kisha ya kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tazameni tofauti ya shamba hili na lile la kwanza. Davis Bend lilikuwa shamba moja kubwa chini ya deni moja kubwa. Deni lilipolemea, wote walianguka pamoja. Mound Bayou kila jamaa ilikuwa na ekari zake, ikazilipia kidogo kidogo, na jirani akiwa karibu kumsaidia mwenziwe. Isaiah mwenyewe alikuwa na mashamba makubwa kuliko wengine, pamoja na kinu cha kupasulia mbao na mashine ya kuchambulia pamba, lakini alijua kwamba mji wa bwana mmoja na vibarua wake si mji.

Mwaka 1898 Mound Bayou ulitambuliwa na jimbo kuwa mji mdogo, na Isaiah akawa meya wake wa kwanza. Kufikia mwaka 1907 palikuwa na watu wapata 4,000 katika mji na mashamba yaliyouzunguka, juu ya ekari kama 30,000. Palikuwa na makanisa, shule, maduka, stesheni ya reli, na benki iliyofunguliwa mwaka 1904. Meya, askari, bwana posta, mwalimu, mwenye duka, wote walikuwa watu weusi. Mtu mweusi aliyetembea katika njia za mji ule hakulazimika kushuka kando ili Mzungu apite. Kwetu sisi huenda jambo hilo likaonekana dogo. Kwa watu wa Mississippi lilikuwa kubwa mno. Booker T. Washington, mwalimu mkuu wa chuo cha Tuskegee, aliusifu mji huo mara nyingi, na mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt alisimamisha gari lake la moshi hapo akasema na watu.

4. Mkutano wa mwaka 1890

Sasa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tusome jambo ambalo laleta ubishi.

Tangu mwaka 1870 katiba ya Marekani ilikuwa imekataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Katika Mississippi watu weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu: mwaka 1890 walihesabiwa watu weusi 742,000 na zaidi, na Wazungu 544,000 na zaidi. Kama wote wangalipiga kura kwa haki, watu weusi wangaliweza kuwachagua watawala wengi wa jimbo. Wazungu wengi hawakulikubali jambo hilo. Tangu mwaka 1875 walikuwa wakiwazuia watu weusi kwa bunduki, kwa vitisho, na kwa kuiba kura. Lakini udanganyifu wa kila uchaguzi ulianza kuwachosha hata wao wenyewe, na tena waliogopa Serikali Kuu isije ikaingilia kati. Wakataka kuipata kwa sheria ile faida waliyokuwa wakiipata kwa nguvu.

Kwa hiyo mkutano wa kutunga katiba mpya ulikusanyika katika mji mkuu, Jackson, mwezi wa Agosti 1890. Wajumbe walikuwa 134. Kati yao mtu mweusi alikuwa mmoja tu, naye ni Isaiah Montgomery, aliyetoka wilaya ya Bolivar. Mwaka ule ule, katika wilaya nyingine, Mzungu mmoja wa chama cha Republican aliyegombea kuingia katika mkutano huo aliuawa kwa risasi. Basi kila mtu alijua hatari iliyokuwapo.

Fungu la kura lilisema hivi: mwenye kutaka kupiga kura awe amekaa katika jimbo miaka miwili, awe amelipa kodi ya kichwa ya dola 2, tena aweze kusoma fungu lo lote la katiba, au kama hajui kusoma, aweze kulifahamu asomewapo, na kulieleza ipasavyo. Katika maneno hayo yote rangi haikutajwa hata mara moja. Msomaji mwepesi aweza kuyaona kuwa ni ya haki kabisa. Lakini jiulizeni: ni nani atakayeamua kama mtu amelieleza fungu ipasavyo? Ni karani wa kuandikisha majina, naye alikuwa Mzungu. Mzungu asiyejua kusoma angeulizwa fungu jepesi, akaambiwa amefaulu. Mwalimu mweusi angepewa fungu gumu, na jibu lo lote atakalotoa, karani angesema halikutosha. Mlango ulikuwa mmoja kwa wote, lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwa mmoja.

Wajumbe walimngoja Montgomery aseme. Mwezi wa Septemba alisimama. Alieleza mateso ya watu wake na damu iliyomwagika katika uchaguzi. Akasema kwamba alijua sheria ile itawaondoa katika kura watu weusi zaidi ya 100,000, ambapo Wazungu watakaoondolewa ni wachache sana. Hata hivyo, akasema, yeye aikubali, kwa matumaini kwamba uadui baina ya rangi mbili utakoma, na kwamba sheria itatumiwa kwa haki, ili watu weusi watakapopata elimu na mali warudi katika kura mmoja mmoja. Akaiunga mkono.

Magazeti ya Wazungu yalimsifu. Watu weusi wengi walihuzunika na kukasirika. Frederick Douglass, mzee aliyekuwa mtumwa zamani na mtetezi mkuu wa watu wake, aliiita hotuba ile usaliti. Lakini hata Douglass alisema kwamba ndani ya maneno yale alisikia pia kilio cha mtu aliyeonewa akakata tamaa.

Kwa nini alifanya hivyo? Twaweza kuona sababu tatu. Kwanza, kura yake ilikuwa moja kati ya 134. Kama angalikataa, fungu lingalipita vilevile. Pili, alikuwa na mji mchanga wenye miaka mitatu tu, katikati ya watu wenye silaha, naye alitaka waachwe salama. Tatu, tangu utoto wake alikuwa ameona kwamba mtu mweusi aliyeelewana na Wazungu wakubwa alipata nafasi ya kuendelea. Wale wanaomtetea hutaja sababu hizo. Wale wanaomlaumu hujibu kwamba mjumbe hutumwa kuwasemea waliomtuma. Kushindwa si aibu yake, lakini kuitia haki muhuri ya kuipoteza ni jambo jingine.

5. Matokeo

Katiba ile haikupelekwa kwa wananchi waipigie kura. Wajumbe wenyewe waliithibitisha tarehe 1 Novemba 1890. Mwaka 1892 majina ya wapigaji kura yalipohesabiwa, Wazungu walikuwa zaidi ya 68,000 na watu weusi hawakufika 9,000. Mwaka 1898 mahakama kuu ya Marekani ilisema kwamba sheria hiyo haikuvunja katiba ya nchi, kwa kuwa haikutaja rangi. Majimbo mengine ya kusini yaliiga: South Carolina mwaka 1895, Louisiana 1898, North Carolina 1900, Alabama 1901, Virginia 1902.

Amani aliyoitumaini Montgomery haikuja. Mtu asiye na kura hana wa kumwogopa katika serikali, wala hana wa kumsikiliza. Fedha za shule za watoto weusi zilikuwa chache sana kuliko zile za watoto wa Kizungu. Watu waliendelea kuuawa na makundi ya wenye hasira pasipo hukumu, na wauaji hawakushtakiwa, maana wazee wa baraza waliochaguliwa kusikiliza kesi walitoka katika orodha ya wapigaji kura. Mwaka 1904 James Vardaman akawa gavana, naye alisema waziwazi kwamba kumfundisha mtu mweusi ni hasara. Ile njia ya elimu na mali, ambayo Montgomery alidhani itawarudisha watu wake katika kura, ilizibwa na wale wale waliopewa ufunguo.

Asiyekuwapo na lake halipo. Katika Mississippi watu weusi walikuwapo shambani, jikoni na relini, lakini hawakuwapo mahali sheria zinapotungwa, na kwa hiyo lao halikuwapo.

6. Miaka ya mwisho, na mambo yaliyofuata

Mwaka 1902 Rais Roosevelt alimpa Montgomery kazi ya kupokea fedha za ardhi ya serikali katika Jackson. Mwaka uliofuata alishutumiwa juu ya utunzaji wa fedha, akajiuzulu, akarudi kwake. Huko alifanya kazi pamoja na mfanyabiashara mwerevu, Charles Banks, kuukuza mji. Mwaka 1912 walifungua kiwanda kikubwa cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Lakini mwaka 1914 benki ilifungwa, nayo bei ya pamba, iliyopanda sana wakati wa vita vikuu, ilianguka mwaka 1920. Mji wenye zao moja huinuka na kushuka pamoja na zao hilo. Wenyeji wengi walihamia miji ya kaskazini kutafuta kazi.

Isaiah Montgomery alikufa mwezi wa Machi 1924, mwenye umri wa miaka 76. Nyumba yake kubwa ya matofali mekundu, iliyojengwa mwaka 1910, imehifadhiwa kuwa ukumbusho wa taifa.

Habari yake haikuishia kaburini. Mji ule aliouanzisha ulibaki. Mwaka 1942 ilifunguliwa hospitali ambayo wagonjwa weusi waliingia kwa mlango wa mbele kama watu. Mwaka 1952 kijana Medgar Evers alikuja kufanya kazi Mound Bayou, na humo alianza kuwafundisha watu kudai haki ya kupiga kura. Katika miaka hiyo maelfu ya watu weusi walikusanyika Mound Bayou katika mikutano ya kudai haki hiyo, kwa sababu palikuwa mahali ambapo askari wa mji walikuwa wa kwao wenyewe. Mwaka 1955, kesi ya mauaji ya mtoto Emmett Till iliposikilizwa karibu na huko, mashahidi na waandishi wa magazeti weusi walipata malazi salama katika mji huo. Mwishowe, mwaka 1965, Marekani ilitunga sheria ya kuilinda haki ya kupiga kura, na mtihani wa kusoma na kueleza katiba ukakatazwa katika Mississippi. Ilikuwa imepita miaka 75 tangu siku ile Montgomery aliposimama katika mkutano wa Jackson.

Basi tuseme nini juu ya mtu huyu? Aliyemwita mwoga hakuuona msitu alioukata. Aliyemwita mwenye hekima kamili hakuiona orodha ya mwaka 1892. Aliwapa watu wake ardhi, akadhani kwamba ardhi yatosha, na kwamba haki ya kura yaweza kuwekwa rehani kisha ikakombolewa siku nyingine. Babaye alikuwa amelinunua shamba kwa deni lililokuwa zito kuliko alivyodhani. Mwana naye aliinunua amani kwa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba deni la baba lililipwa na jamaa moja, na deni la mwana lililipwa na watoto wa jimbo zima, ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa siku alipolikubali.

Hata hivyo, wajukuu wa watu aliowaleta msituni walipoanza kuidai haki ile tena, walikuwa na mahali pa kusimama. Mahali hapo ni yeye aliyewapatia.

Maswali

1. Eleza kwa nini shamba la Davis Bend lilipotea, na kwa nini Mound Bayou ulidumu.
2. Sheria ya kura ya mwaka 1890 haikutaja rangi. Iliwezaje kuwatenga watu weusi?
3. Ungekuwa wewe ndiye mjumbe pekee wa watu wako kati ya 134, na mji wako ukikungoja nyumbani, ungesema nini?